Behewa la Ijumaa

Mkono uliomshika Verna Angwin begani, ule mliouwaza wiki nzima, haukuwa na kisu wala bastola. Ulikuwa na kipande cha mkate na jibini.

"Jumamosi ya fainali, Bi Verna! Hata paka wa kiwanda ameshakwenda uwanjani, wewe uko humu unanusa mayai viza?"

Alikuwa Bwana Polglase, mkemia mkuu wa kiwanda cha mbolea cha Port Trevanion, mkubwa wake wa kazi.

Poleni sana. Najua kuna waliokwisha kumzika mwanamke wa watu na kuanza kugawana vyombo vyake. Hajafa. Amechoka tu, na katika mji ule, mwaka ule wa shida, kuchoka hakukuwa habari ya kupeleka gazetini.

Verna alinyoosha kidole kwenye tyubu ya kioo iliyokuwa juu ya meza. Chini kabisa ya tyubu palikuwa na kitu kimetulia, cha manjano kama kiini cha yai.

"Behewa la shira," alisema. "Lile walilojaza jana. Nimechota mwenyewe asubuhi."

Polglase aliacha kutafuna.

Kwa ajili ya yule aliyefungia samaki gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, nitasema haraka. Kiwanda kile huchoma mawe yenye chuma na salfa ili kupata asidi. Asidi nyingi huishia kwenye mbolea, na ngano haijali uchafu. Lakini kila Ijumaa hujazwa behewa moja la tangi la kwenda Adelaide, kwa wapishi wa shira. Wao huichemshia wanga mpaka uwe mtamu, na shira hiyo ndiyo mnayoipaka kwenye mkate, ndiyo inayotiwa kwenye biskuti na pudini za watoto.

Sasa mawe yale huja na mgeni asiyealikwa, jina lake aseniki. Sumu. Ili kumtoa, asidi ya shira hupitishwa kwanza kwenye mnara wenye gesi inayonuka kama yai viza; gesi humkamata aseniki na kumtupa chini, wa manjano. Na gesi hiyo inatoka wapi? Kwa ndugu wa mawe yaleyale! Vipande vyeusi vya salfaidi ya chuma, ambavyo Port Trevanion nzima huviita mawe ya mayai, hutiwa ndani ya pipa na kumwagiwa asidi. Verna naye ana chombo chake kidogo cha kioo maabarani, anakilisha mawe hayohayo. Akipuliza gesi kwenye asidi ikabaki kama maji matupu, ni salama. Ikitoka manjano, ole wao. Mwizi na askari wamezaliwa tumbo moja.

Kipimo hufanyika mara moja kwa mwezi, na zamu yake haikuwa leo. Ila asubuhi Verna alikwenda kuazima mawe kwenye lile pipa la mnara, akakuta buibui amejenga juu ya kifuniko. Akajiambia buibui ni fundi wa usiku mmoja. Lakini akachota asidi kwenye behewa.

"Hiyo ni salfa," alisema Polglase. "Asidi kali ikikutana na gesi yako inatapika salfa. Umesahau?"

"Salfa inatoka nyeupe, kama maziwa yaliyochacha."

"Mwanzo. Ikikaa inakuwa manjano. Umeikalisha muda gani?"

Verna alikuwa amepuliza gesi, akakaa kwenye kigoda kusubiri, halafu akaamka shavu likiwa juu ya meza. Katikati hapo, Mungu ndiye anayejua.

"Nilisinzia," alisema.

"Mh. Umesinzia, umeamka, umeona sumu." Polglase alivuta kigoda cha pili akakaa kama gunia lililoachiliwa. Naye macho yalikuwa mekundu. "Bi Verna, nikilizuia behewa lile bure, wale wa Adelaide wananunua kwingine. Wanatafuta sababu tu. Wakiondoka, mnara unafungwa. Mnara ukifungwa, nani wa kwanza kurudi nyumbani? Mumeo."

"Na tusipolizuia likawa na sumu?"

"Ndiyo maana nasema tuwe na hakika. Iko njia."

Njia waliijua wote wawili. Ipo chumvi ya amonia. Ukiitia kwenye maji na kuyamimina juu ya ule uji wa manjano, aseniki huyeyuka akatoweka. Salfa haitikisiki, hubaki palepale inakutazama. Verna alishusha chupa kutoka kabatini. Ilikuwa na kibandiko kizuri, kizibo kizuri, na ndani hamna kitu ila vumbi. Chumvi ile haina adabu. Usipoifunga vizuri huondoka hewani bila kuaga.

"Nyingine inakuja na meli ya Jumatano," alisema Polglase.

"Na behewa?"

"Hedley analiondoa mpira ukiisha."

Hedley Bray alikuwa dereva wa treni, na treni ilikuwa imesimama nyuma ya uwanja, injini ikikoroma taratibu kama mzee baada ya ugali wa mchana. Mpaka kengele ya mwisho ilie, Hedley asingesogea hata reli ishike moto.

Verna alitazama chupa tupu. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu asiye na nguvu ya kucheka kirefu.

"Bwana Polglase. Mchezaji akipigwa kumbo akazimia, wanamnusisha nini?"

Polglase alimtazama, kisha akajipiga kofi la paji la uso. Chumvi ya kunusa! Ndiyo hiyohiyo, imetiwa mafuta ya lavenda tu ili isiue mtu. Na siku ile katika mji mzima aliyekuwa nayo alikuwa mmoja, mtunzaji wa timu, mwenye taulo, machungwa na dawa ya misuli.

Jabez Angwin. Mume wa Verna. Ndiye pia mlishaji wa pipa la mnara, zamu ya Ijumaa.

"Ikiyeyuka," alisema Polglase akichukua kofia yake, "nitakwenda kwa Hedley mwenyewe, kwa miguu yangu."

*

Mpira wa Australia huchezwa kwa robo nne, kwa miguu na kwa mikono. Robo ya tatu ilikuwa inamalizika na Port Trevanion walikuwa nyuma kwa goli moja. Uwanja ulijaa mpaka juu ya mabehewa ya nafaka.

"Mwamuzi, hayo macho umepewa na serikali?"

"Mshike huyo! Mshike! Aa, kamshika mwenzake!"

"Tazameni, Mama Angwin kaja kukagua kama mumewe bado ni mzima!"

"Mzima wapi? Tumbo limefika kabla yake!"

Kweli tumbo lilikuwa mbele. Jabez alikuwa anakimbia kuelekea katikati ya uwanja, mkoba ukimpiga kiunoni, kwa sababu Clarrie Tonkin, mshambuliaji wao, alikuwa amelala chali akitabasamu mawinguni. Jabez alipiga magoti, akachomoa kichupa cha buluu, akakipitisha chini ya pua ya kijana.

Clarrie aliruka kama aliyekalia siafu.

"Nani katia moto puani mwangu?"

"Mama yako anakusalimu. Inuka, mpira uko kule."

Umati ulishangilia. Jabez alirudi kwenye benchi akihema, akamkuta mkewe amesimama na tyubu mkononi, na mkemia mkuu nyuma yake kama mtu aliyeletwa msibani.

"Mama! Umekuja! Leo utaona mpira, si zile hadithi zangu."

"Nipe hicho kichupa, mzee."

"Unazimia?"

"Bado."

"Sasa cha nini? Vijana wanaangushwa kama maboga huko."

"Cha kupimia. Behewa la jana limetoa manjano. Nataka kujua kama ni aseniki."

Jabez alikuwa na uso wa kucheka, uso ambao hata akilala ulibaki unacheka kidogo. Verna aliuona uso ule ukizimika. Haukuzimika wote, ulipungua tu, kama taa inayoishiwa mafuta.

Akamsogelea kuchukua kichupa, na hapo ndipo alipokutana na jambo lenyewe.

Mumewe alinuka machungwa. Alinuka jasho na dawa ya misuli. Basi.

Msomaji, katika mji ule aliyelisha pipa Ijumaa hujulikana kwa harufu ya yai viza mpaka Jumapili. Sabuni haimsaidii. Kanisani benchi lake hubaki peke yake, na wimbo huimbwa haraka. Mke hulala dirisha wazi hata mvua inyeshe. Na huyu hapa, mwenye zamu ya jana, ananukia kama kikapu cha matunda.

Jana usiku alikuwa kitandani hivyohivyo, na Verna alishukuru. Hakuuliza. Mtu aliyechoka haulizi kwa nini amepata usingizi.

"Jabez," alisema polepole.

"Robo ya mwisho inaanza," alisema Jabez. Akautia ule mkono wake mzito juu ya wa mkewe, akaweka kichupa kiganjani, akamfumba vidole kimoja kimoja. "Chukua. Pima vizuri."

Akageuka kwenda kugawa machungwa.

*

Penye maji ya moto palikuwa mahali pamoja tu, kwenye meza ya Bi Olive Tonkin, mama yake Clarrie, aliyekuwa anauza chai na pai za nyama chini ya turubai.

"Kikombe kimoja cha maji ya moto, Bi Olive."

"Matupu? Hali imekuwa mbaya hivyo nyumbani?"

"Na kijiko."

Verna alichokoa madonge ya chumvi kutoka kwenye kichupa, akayakoroga kwenye maji. Macho yalimtoka machozi. Akamimina kwenye tyubu, juu ya ule uji wa manjano, akaichovya tyubu kwenye kikombe ipate joto, akaitikisa.

"Bi Verna, hiyo si chai," alisema Bi Olive akisogeza pai zake mbali.

Polglase aliinama. Verna aliinama. Kilichokuwa ndani ya tyubu hakikuwa maji matupu. Kilikuwa cheupe, kizito, kama maziwa.

"Umeona?" Polglase alishusha pumzi ndefu, akashika meza. "Nyeupe. Salfa. Nilikwambia, mama. Nenda nyumbani ukalale. Kweli, nenda ukalale, mimi ndiye nakuruhusu."

Verna alitaka kulala. Nisiwafiche, alitaka kulala kuliko alivyotaka kuwa sahihi. Ilikuwa rahisi sana. Salfa. Behewa liende, Jabez abaki na kazi yake, na habari ya harufu ifutike.

Lakini alivuta pumzi, na puani ikapanda lavenda.

"Si salfa hii," alisema. "Ni mafuta. Mafuta ya lavenda hayapatani na maji, yakikorogwa yanakuwa maziwa. Tazama chini. Manjano iko wapi?"

"Imechanganyika humo."

"Au imeyeyuka."

"Au imechanganyika! Bi Verna, 'au' haisimamishi treni."

Uwanjani umati uliinuka kwa pamoja na kukaa kwa pamoja. Mpira ulikuwa umegonga mlingoti. Upande wa pili wa turubai mtu alitoa matusi ambayo mhariri wangu ameyakata.

"Siki," alisema Verna.

"Nini?"

"Bi Olive, nipe siki ya pai."

"Na pai je?"

"Siki peke yake."

"Maji matupu, siki peke yake." Bi Olive alisukuma chupa. "Mwaka ujao mtakuja kunusa tu."

Polglase hakucheka. Alikuwa ameelewa. Kilichoyeyushwa na chumvi ya amonia hurudishwa na kitu kikali. Kama aseniki alikuwa amejificha ndani ya maziwa yale, siki ingemfukuza atoke nje. Kama hakuwamo, basi hakuna wa kutoka.

Verna alimimina. Tyubu ilichemka povu likamwagika mpaka kwenye kitambaa cha meza, Bi Olive akapiga yowe. Akaongeza. Povu lilipungua, likawa viputo, viputo vikaisha.

Kwanza hakuna kilichotokea.

Halafu katikati ya ule weupe ukatokea uzi. Ukatokea mwingine. Vipande laini vya manjano, kama chenga za yai kwenye mchuzi, vikaanza kushuka taratibu, bila haraka yoyote, vikalala chini ya tyubu palepale vilipokuwa mwanzo.

"Salfa haiondoki ikarudi," alisema Verna.

"Hairudi," alisema Polglase. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alivua kofia, akajifuta paji la uso, akaivaa tena. "Haya. Nilitoa ahadi. Nitamwambia Hedley alikate behewa, libaki hapa mpaka asidi yake itolewe. Kaa chini, Bi Verna. Umefanya kazi yako."

Akaondoka akipasua watu kwa mabega. Verna alimwona akimfikia Hedley kwenye uzio, akimshika kiwiko, akimnong'oneza. Akawaona wote wawili wakizunguka nyuma ya magoli kuelekea kwenye reli.

Basi. Watoto wa Adelaide wangeendelea kula pudini yao, na Verna Angwin angeweza kukaa.

*

Alikwenda kukaa kwenye benchi, kando ya mumewe. Kwa muda walitazama mpira kama wazee wawili wanaosubiri mvua ipite.

"Imeyeyuka," alisema. "Na imerudi."

"Nilijua itayeyuka."

"Hukulisha pipa jana."

"Sikulisha."

"Kwa sababu ya mpira, Jabez? Kwa ajili ya huyu?" Alionyesha uwanjani, ambako Clarrie Tonkin alikuwa anagombana na kamba ya kiatu chake.

"Ilianza na dansi." Jabez alikuwa anamenya chungwa ambalo hakuna aliyeliomba. "Ijumaa kuna dansi, na wale vijana wa mnara hakuna msichana anayekubali kuwakaribia wakilisha pipa. Halafu mechi. Nilimwinamia Clarrie amezimia, nikinuka pipa, akafumbua macho, akaniambia, 'Mzee Jabez, niache nife.' Uwanja mzima ulicheka. Na mimi nikacheka. Ijumaa iliyofuata nikasema, ah, mara moja tu."

"Clarrie alisema hayo lini?"

Jabez alizidi kumenya chungwa.

"Mzee. Lini?"

"Kwenye mechi ya kwanza. Mwezi wa nne."

Nyuma yao watu walikuwa wanaruka, mbao za benchi zikitikisika. Port Trevanion walikuwa wamesawazisha. Verna hakugeuka.

"Mimi nakuuliza habari za jana," alisema.

"Najua. Jana ndiyo ya mwisho, mama. Si ya kwanza."

Verna alizikumbuka Ijumaa zote alizolala vizuri bila kuuliza. "Nimepima kila mwezi. Ilikuwa safi. Nilitia sahihi mimi!"

"Wiki ya kipimo tulilisha." Alisema kwa sauti ndogo mno, ilibidi Verna amwangalie midomo. "Siku ile ilijulikana. Tulilisha siku ile, wiki nyingine hatukulisha. Hatukufanya kwa ubaya, Verna. Tuliambiwa mawe ya mgodi mpya hayana aseniki kabisa, kupima ni desturi tu. Tuliambiwa hata tusipolisha hakuna atakayekufa."

Verna aliyaona mabehewa yote ya msimu mzima, moja baada ya jingine, meusi, yakienda Adelaide yakirudi matupu. Aliona mikebe ya shira kwenye kila duka. Alitafuta hasira, akakuta mahali pake pana uchovu tu, umekaa kama mwenye nyumba.

"Mliambiwa," alisema. "Na nani?"

"Tulikwenda kumwomba ruhusa, kwa heshima zote. Sisi si watu wa kujiamulia."

"Na nani, Jabez?"

Jabez alimtazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jina la mji wake.

"Polglase. Nani mwingine?"

Wakati huohuo honi ikalia.

Watu walio karibu waligeuza shingo, wakashangaa, kwa maana kengele ya mwisho ilikuwa bado, na tangu Hedley Bray aanze kuendesha treni hajawahi kuuacha mchezo kabla haujaisha. Nyuma ya magoli moshi mnene ulipanda. Vyuma viligongana kutoka mbele kwenda nyuma, kishindo baada ya kishindo, na magurudumu yakaanza kuzunguka.

Behewa jeusi la tangi lilikuwa mkiani. Halikukatwa.

Na juu ya injini, kando ya Hedley, alisimama mtu mwenye kofia, ameupa uwanja mgongo.

"Anakwenda nalo wapi?" aliuliza Jabez, chungwa likimdondoka.

Verna Angwin aliinama, akavua viatu apate kukimbia.